Tupo Tupo Tu: Kwa Nini Uhusiano wa Mjini Hukosa Jina

Watu wawili huamka asubuhi na jambo la kwanza wanalofanya ni kutumiana salamu. Kila mmoja anajua ratiba ya kazi ya mwenzake, anajua habari za ugonjwa wa mama yake, anajua ni lini kodi ya nyumba itamkaba shingoni. Hulala pamoja mara kwa mara, na hali hiyo imedumu kwa mwaka mzima. Lakini ukimuuliza mmoja wao kama ana mpenzi, atasita kidogo kabla ya kujibu: "Tupo tupo tu." Jibu hilo limezoeleka mno katika mazungumzo ya vijana wa mijini, na limezaa mabishano yasiyokwisha. Wazazi husema kizazi hiki hakijui kupenda. Vijana wenyewe hulaumu simu. Wapo pia wanaodai kwamba hayo ndiyo mapenzi ya watu huru, na kwamba anayetaka zaidi ya hapo anasumbuliwa na wivu. Kila dai lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini watu wawili wenye nia njema, wasiokusudia kumuumiza mtu yeyote, hujikuta katika hali ambayo mmoja wao, na mara nyingine wote wawili, hulilia kitu ambacho hata kukitaja hawawezi.

Maelezo ninayoyaona kuwa karibu zaidi na ukweli ni kwamba mapenzi, na urafiki pia, kwa muda mrefu vilikuwa na mashahidi. Ndugu, majirani na marafiki wa pamoja ndio waliouona uhusiano ukikua, wakaupa jina, wakamuuliza mhusika nia yake, na wakamsuta alipotaka kuondoka kimyakimya. Maisha ya mjini yamewaondoa mashahidi hao polepole, na kazi waliyokuwa wakiifanya haikuchukuliwa na mtu mwingine yeyote. Imebaki mikononi mwa wahusika wenyewe, ambao wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba hiyo ni kazi.

Maneno yanayochanganywa

Tuanze na maana, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano haya hutokana na watu kutumia maneno yaleyale kwa mambo tofauti. Uhusiano usio na jina ni ule ambao una ukaribu wa kimapenzi, una siri za pamoja na matarajio, lakini wahusika hawajakubaliana ni uhusiano wa aina gani, unaelekea wapi, na kama kila mmoja yuko huru kuwa na mtu mwingine. Kinachokosekana humo ni makubaliano; hisia zinaweza kuwapo tele. Ndiyo maana watu wawili waliokaa chini wakaambiana waziwazi kwamba hawatafuti ndoa wala ahadi ya muda mrefu hawamo katika kundi hili. Uhusiano wao una jina, hata kama jina hilo haliwapendezi wazazi wao, kwa kuwa kila mmoja anajua alichokubali.

Kuzungushwa ni jambo jingine. Hapo mmoja ameshajua moyoni kwamba hana nia ya kuendelea, lakini hasemi, kwa sababu ananufaika na faraja, fedha au mwili wa mwenzake. Tofauti kati ya mambo haya mawili iko katika kujua: ndani ya uhusiano usio na jina huenda wote wawili hawajui wanachotaka, ilhali anayemzungusha mwenzake anajua na anaficha. Ni kosa kubwa kumtuhumu kila anayesitasita kwamba ni tapeli wa mapenzi, na ni kosa kubwa vilevile kumtetea tapeli kwa kusema kwamba bado anasitasita. Neno la tatu ni kukausha, ambalo wengine huliita kuingia mitini, yaani kukata mawasiliano ghafla, bila kuaga wala kutoa sababu, na kumwacha mwenzako akisoma upya ujumbe wa miezi iliyopita ili atafute alipokosea.

Uhusiano usio na jina unafanana na watu wawili wanaokaa katika nyumba moja bila mkataba. Mmoja anajiona mpangaji wa kudumu, kwa hiyo anapaka rangi kuta, ananunua mapazia na kurekebisha bomba linalovuja. Mwingine anajiona mgeni, na mkoba wake umekaa mlangoni tangu siku aliyofika. Kwa miezi mingi wote wawili wanaweza kuishi kwa raha, na hakuna aliyesema uongo, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Maumivu yanapokuja huwa makali kwa namna ya pekee, kwa kuwa aliyepaka rangi hana karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote kwamba alikuwa na haki ya kukaa humo. Jamaa zake humuuliza, "Kwani mlikuwa wapenzi?", na swali hilo moja humnyima hata ruhusa ya kuhuzunika.

Mji na mashahidi

Mwaka 1903 mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, aliandika insha kuhusu miji mikubwa na maisha ya akili, akieleza kwamba mkazi wa mji mkubwa hukutana kila siku na watu na mambo mengi kiasi kwamba hulazimika kujikinga kwa ubaridi fulani. Hawezi kumsalimu, kumhurumia na kumsikiliza kila anayepita. Simmel aliona pia kwamba ubaridi huo humpa mtu uhuru ambao jamii ndogo haimpi, kwa sababu hakuna anayemchunguza. Uhuru wa kutochunguzwa na upweke wa kutojulikana hutoka katika chemchemi moja. Kijana anayehamia mjini anapata nafasi ya kumpenda mtu ambaye ukoo wake usingemkubali, na huo ni wema mkubwa ambao sitaki udharauliwe; lakini anapenda mahali ambapo, akitendewa vibaya, hakuna wa kumwita aliyemtenda aje kujieleza.

Mabadiliko hayo yanapimika. Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti kuhusu namna wapenzi wanavyokutana nchini Marekani, nchi ambayo takwimu zake za jambo hili zimekusanywa kwa muda mrefu. Kwa miongo kadhaa, njia iliyoongoza miongoni mwa wapenzi wa jinsia tofauti ilikuwa kuunganishwa na marafiki. Karibu mwaka 2013 njia hiyo ilipitwa na intaneti, na kati ya waliokutana mwaka 2017, takribani asilimia 39 walikutana mtandaoni.

Tufikirie maana ya badiliko hilo. Rafiki aliyewaunganisha watu wawili alikuwa akifanya mambo mengi bila yeyote kumtuma. Alijua kama mmoja wao ana mke mahali pengine. Aliweza kumwambia huyu kwamba yule anamchukulia kwa uzito, na kumwonya yule kwamba huyu ametoka kuumizwa. Baada ya wiki kadhaa aliuliza, "Vipi, mambo yenu yamefikia wapi?", na swali hilo la mzaha liliwalazimisha wahusika kutafuta jibu. Zaidi ya yote, kuwapo kwake kulifanya kukausha kuwe aibu, maana anayetoweka angekutana na macho ya rafiki huyo wiki ijayo. Programu ya kutafuta wapenzi humleta mtu akiwa na picha na sentensi chache alizojiandikia mwenyewe, na uhusiano ukivunjika hakuna mtu wa tatu anayejua kwamba uliwahi kuwapo.

Hata hivyo hapa ndipo imani moja iliyoenea inapohitaji kurekebishwa. Wengi husema programu hizo zimeua mapenzi ya kweli. Rosenfeld na Reuben Thomas walipowalinganisha wapenzi nchini Marekani katika utafiti wao wa mwaka 2012, hawakuona kwamba waliokutana mtandaoni walikuwa na uhusiano hafifu au unaovunjika zaidi kuliko wengine. Tafiti za baadaye, katika nchi mbalimbali, zimetoa majibu yanayotofautiana. Kwa hiyo haitoshi kuilaumu njia ya kukutana. Wapo waliokutana kwa simu wakawatambulisha wenzao kwa ndugu na marafiki mapema, wakajitengenezea mashahidi upya, na wapo waliosoma darasa moja wakafichana miaka mitatu.

Saa ambazo urafiki unazidai

Urafiki umeathiriwa kwa namna hiyohiyo, ingawa unazungumziwa mara chache, kana kwamba ni jambo linalojiendea lenyewe. Mwaka 1950 watafiti Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha uchunguzi wao kuhusu familia za wanafunzi waliokuwa wakiishi katika nyumba za Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Wakazi walipangiwa nyumba bila kuchagua majirani, na bado kilichoamua nani awe rafiki wa nani kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, umbali kati ya mlango na mlango, pamoja na nani hupita wapi anapokwenda kwenye ngazi. Urafiki ulizaliwa kwa kukutana tena na tena bila kupanga.

Mji unaweza kumweka mtu katikati ya umati na bado akanyimwa kukutana kwa aina hiyo. Mwanasaikolojia Stanley Milgram aliandika mwaka 1972 kuhusu watu ambao tunawaona kila siku kituoni, tunazitambua nyuso zao, lakini hatuwasemeshi kamwe. Ongeza saa za kwenda na kurudi kazini, zamu zisizolingana, na kuhama nyumba kila mkataba unapokwisha, na utaona kwamba kijana anaweza kupishana na maelfu ya watu bila kukutana na mtu yuleyule kwa mara ya kumi.

Na mara kumi hazitoshi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, aliwachunguza watu wazima waliohama makazi karibuni pamoja na wanafunzi wapya wa chuo, akakadiria kwamba inahitajika takribani saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, karibu saa 90 ili awe rafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito sawa na saa za kupumzika, kula na kuzungumza. Hii inaeleza kwa nini mtu anaweza kukaa meza moja na mwenzake wa ofisini kwa miaka miwili, na siku akiacha kazi, wasitafutane tena.

Mwanaanthropolojia Robin Dunbar ameongeza upande mwingine wa hesabu hiyo. Kwa maelezo yake, mtu huweza kudumisha uhusiano wa maana na watu wapatao 150, lakini ndani ya idadi hiyo kuna duara la ndani kabisa lenye watu takribani 5, wale wa kukimbilia siku ya msiba. Duara hilo linalishwa kwa muda, na muda hauongezeki. Utafiti wake ulionyesha kwamba mtu anapoingia katika mapenzi mapya, kwa wastani hupoteza watu wawili kutoka katika duara hilo, kwa sababu saa zao amepewa mpenzi.

Sasa yaunganishe na uhusiano usio na jina. Kijana aliyezama mwaka mzima katika uhusiano wa namna hiyo ametumia mamia ya saa, amewaacha marafiki wawili watatu wapoe, na siku unapokatika hana mpenzi, hana cheo cha mtu aliyeachwa, wala hana wa kumpigia simu usiku. Ndiyo maana huwa napinga desturi ya kuzungumzia mapenzi na urafiki kana kwamba ni masomo mawili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2025 ripoti ya tume yake ya uhusiano wa kijamii, ikikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 13 hadi 29 wanaosema wana upweke ni asilimia 17 hadi 21. Upweke maana yake ni pengo kati ya uhusiano ambao mtu anautamani na ule alio nao, kwa hiyo hauzuiwi na kulala kitanda kimoja na mtu, wala na simu inayolia ujumbe kutwa nzima.

Kuteleza na kuamua

Mwanasaikolojia Robert Sternberg alipendekeza mwaka 1986 kwamba mapenzi yana viungo vitatu: ukaribu, shauku, na kile alichokiita uamuzi na kujifunga. Viungo viwili vya kwanza huweza kuja vyenyewe. Watu wakizungumza vya kutosha, ukaribu hujengeka. Miili ikivutana, shauku huwaka. Kiungo cha tatu hakiji hivyo, kwa sababu ni tendo, na tendo linahitaji mtendaji. Uhusiano usio na jina, ukiupima kwa kipimo hiki, ni uhusiano wenye viungo viwili ambavyo vimenawiri na kimoja ambacho kimesubiriwa kijitokeze chenyewe.

Mtafiti wa mahusiano Scott Stanley na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 2006 kwa kutofautisha kuteleza na kuamua. Walikuwa wakichunguza wapenzi wanaoanza kuishi pamoja kabla ya ndoa, na wakaona kwamba wengi hawakuwahi kukaa wakaamua. Nguo zilianza kubaki kwa mwenzake, kisha vyombo, kisha kodi moja ikaonekana nafuu kuliko mbili. Hatari ya kuteleza ni kwamba kila hatua huongeza gharama ya kutoka: vitu vimechanganyika, fedha zimechanganyika, watu wamezoea kuwaona pamoja. Mtu anaweza kufika mahali ambapo anabaki kwa sababu kutoka ni kugumu, huku akidhani kwamba anabaki kwa sababu anapenda. Katika mji ambako nyumba ni ghali na kuishi peke yako ni mzigo, mtelezo huo una mwinamko mkali zaidi.

Swali lenyewe

Imani inayowazuia wengi kuzungumza ni kwamba ukiuliza "sisi ni nani kwa kila mmoja?" utamfukuza mtu. Ni kweli kwamba baadhi huondoka wakiulizwa. Lakini tuangalie kilichotokea: swali halikubadilisha nia yake, lilifupisha tu muda ambao ungetumika kuisubiri nia isiyokuwapo. Mtu anayekutaka hahitaji kukimbia anapojua kwamba unamtaka. Anaweza kushtuka, anaweza kuomba muda, na hilo ni haki yake.

Hakuna idadi ya wiki iliyo sahihi kwa kila mtu, na ninawatilia shaka wanaoitaja. Kipimo chenye maana zaidi ni pale unapoanza kufanya maamuzi ya maisha yako kwa kumzingatia mtu huyo: unakataa kazi ya mbali, unakwepa watu wengine, unabadilisha namna ya kutumia mshahara. Ukifika hapo tayari umejifunga upande wako, na ni haki kujua kama upande wa pili kuna mtu. Mazungumzo yenyewe hayahitaji kuwa kesi. Yanahitaji mambo machache yasemwe kwa lugha nyepesi: kama kila mmoja yuko na wengine, jambo ambalo linagusa afya na si hisia pekee, kama mnatazamia jambo lolote mbele, na kama watu wa karibu wanaruhusiwa kujua. Hili la mwisho hupuuzwa, nami naliona kuwa la maana kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowarudisha mashahidi. Zipo sababu halali za kuficha uhusiano, hasa kwa yule ambaye kujulikana kungemhatarisha, lakini sababu hiyo ielezwe, na mwenzako aikubali akiwa anaijua.

Majibu nayo yasomwe kama yalivyo. "Sipendi kuweka majina" ni jibu kamili, wala si fumbo la kufumbuliwa kwa subira na mapishi. "Bado sijui" ni jibu la heshima likiambatana na muda, na linageuka kuwa kuzungushwa likirudiwa bila mwisho huku manufaa yakiendelea kuchukuliwa. Swali hili lina nafasi katika urafiki pia. Kumwambia mtu "nakuhesabu kuwa rafiki yangu wa karibu, na nimekukosa miezi hii" kunawatia aibu wengi kuliko kutongoza, na bado ndiyo sentensi inayoweza kurudisha saa zilizokuwa zikipotea.

Kuhusu kukausha, wapo wanaoamini kwamba kimya ni njia ya upole, kwa kuwa hakina maneno makali. Majaribio ya mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake yanatoa picha tofauti. Walitengeneza mchezo mwepesi wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, ambamo mshiriki hupewa mpira mara chache kisha anaachwa nje bila maelezo. Watu waliumia kwa kutengwa hivyo kwa dakika chache, na katika utafiti wa mwaka 2004 waliumia hata walioambiwa wazi kwamba waliowatenga walikuwa ni kompyuta. Ikiwa mchezo usio na mtu ndani yake huweza kumfanya binadamu ajione hafai, kimya cha mtu aliyejua siri zake hakiwezi kuitwa upole. Sentensi mbili zinatosha: kwamba hutaendelea, na kwamba hukusudii kubadili mawazo. Si lazima kueleza kasoro za mwenzako, wala kukubali mjadala wa usiku kucha, wala kuahidi urafiki usioutaka. Kuna hali moja tu ambayo deni hilo la kuaga halipo kabisa, nayo ni pale mtu anapotisha, anapopiga, anapofuatilia nyendo za mwenzake au anapotumia picha za faragha kumshurutisha. Hapo kukata mawasiliano bila neno ni kujiokoa, na kabla ya kukata ni vyema kuhifadhi ujumbe wa vitisho na kumweleza mtu angalau mmoja anayeaminika mahali ulipo.